Tairi Kubwa Halivuki Kwenda Songo Mnara

Anayesafiri mara kwa mara katika barabara ya Kusini, kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti na Somanga hadi Nangurukuru, ambako njia huchepuka kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, atakuwa ameyaona. Ni magari ya kazi, ya ofisi, ya miradi na ya watu binafsi, yaliyovuliwa matairi yaliyotoka nayo kiwandani na kuvalishwa mengine makubwa zaidi. Mabega ya tairi yamechomoza nje ya madigadi, springi zimeongezwa, na gari zima limesimama kama mtu aliyepanda kiti ili aonekane mrefu. Wenyewe huita jambo hili “kulinyanyua gari”. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa neno moja: barabara.

Makala haya yanalipinga jibu hilo. Ninadai mambo mawili. Kwanza, kwamba tairi kubwa, likifungwa bila kubadili kitu kingine chochote katika gari, halitatui tatizo la barabara, bali humpa dereva kipimo cha uongo, breki dhaifu na injini nzito, na hasara yake humwangukia zaidi asiyekuwa ndani ya gari. Pili, kwamba fasheni hii inapoingia katika magari ya umma huacha kuwa suala la ladha, ikawa suala la utawala. Wenye dhamana ya barabara wamejitafutia namna ya kutoihisi.

Tuanze na faida, maana haki hudai hivyo. Chukua tairi la 265/65R17, kipimo kinachopatikana katika magari mengi ya aina ya Prado na katika pikapu nyingi za ofisi zetu. Namba hizo si mapambo. Upana wa tairi ni milimita 265, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ina kipenyo cha inchi 17. Ukikokotoa, kipenyo cha tairi zima ni takriban milimita 776. Liondoe, kisha ufunge 285/70R17, na kipenyo kitakuwa takriban milimita 831. Tofauti ni milimita 55. Lakini gari halipandi kwa kipenyo kizima. Hupanda kwa nusu yake, kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu. Faida yote, baada ya fedha zote, ni milimita 27. Haifiki sentimita tatu. Shimo linaloogopwa na gari lenye matairi ya kiwandani haligeuki kuwa tambarare kwa sentimita tatu.

Sasa tuitazame gharama. Kipima mwendo cha gari hakijui kasi ya gari. Kinachojua ni idadi ya mizunguko ya gurudumu, kisha huizidisha kwa urefu wa mzingo wa tairi la kiwandani. Ukiongeza mzingo bila kukirekebisha, kila mzunguko husafiri mbali zaidi kuliko kipimo kinavyoamini. Katika mfano wetu ziada ni asilimia 7. Mshale ukionyesha 100, gari linakwenda 107. Mshale ukionyesha 50, mwendo ambao Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inautaka katika maeneo ya makazi, gari linakwenda 53.5. Ni kweli kwamba watengenezaji wengi huacha akiba, kipimo kikaonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ule halisi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipima mwendo inakataza kabisa kipimo kuonyesha mwendo mdogo kuliko uliopo. Akiba hiyo ndiyo ya kwanza kuliwa na tairi kubwa. Ikiisha, dereva anavunja sheria huku akiapa kuwa ameitii, na anaapa kwa nia safi.

Msomaji atasema: kilomita tatu na nusu kwa saa ni kitu gani? Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne anaweza kuikagua. Tuchukue kipimo kilichokuwa sahihi kabisa kabla tairi halijabadilishwa, barabara kavu, dereva anayehitaji sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, na breki zinazopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Gari la kwanza, lenye mwendo wa 50, litasimama baada ya mita 27.7. La pili, la 53.5, litahitaji mita 30.6. Tofauti ni karibu mita tatu. Lakini swali lenye uzito ni hili: pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, la pili lina mwendo gani? Jibu ni takriban kilomita 23 kwa saa. Mtoto aliyesimama mita 28 mbele ya gari la kwanza ataangalia taa zake na kuendelea na safari ya shule. Mtoto huyo huyo, mbele ya gari la pili, atagongwa na zaidi ya tani mbili za chuma zinazokwenda kasi kuliko mtu anayekimbia. Hapo tumelipa gari la pili breki nzuri sawa na za lile la kwanza, jambo ambalo si kweli.

Si kweli kwa sababu gurudumu ni wenzo. Breki hushika sahani iliyo karibu na kitovu, na nguvu yake hufika barabarani kwa kupitia nusu kipenyo cha tairi. Sahani imebaki ile ile, mafuta ya breki yale yale, mguu wa dereva ule ule. Kilichorefuka ni umbali kutoka kitovuni hadi ardhini. Kwa msukumo ule ule wa mguu, nguvu ya kusimamisha inayofika kwenye lami hupungua kwa karibu sehemu ile ile ambayo tairi limeongezeka. Juu ya hilo, tairi kubwa ni zito, na uzito wake mwingi uko pembezoni, mahali ambapo ni kazi kuuzungusha na kazi zaidi kuuzuia. Anayebishana na hili habishani na mimi, anabishana na mizani ya sokoni.

Wenzo huo huo hufanya kazi dhidi ya injini. Tairi kubwa ni sawa na kuinua gia zote kwa pamoja: gia ya kwanza si ya kwanza tena. Gari linakuwa zito kuondoka, linasita kupanda, linakula mafuta zaidi katika mwendo wa kusimama na kuondoka. Hapa pana kejeli ambayo wauzaji hawaitaji. Wengi hufunga matairi haya kwa ajili ya matope ya masika, ilhali matope huhitaji nguvu ya kuvuta kwa mwendo wa polepole, nayo ndiyo hasa nguvu iliyopunguzwa. Madereva wa zamani wa njia za mchanga wa pwani walijua dawa ya bei nafuu zaidi: punguza upepo wa tairi, eneo linalogusa ardhi lirefuke, upite taratibu, kisha ujaze upepo kabla hujarudi kwenye lami. Maarifa hayo hayana duka la vipuri, ndiyo maana hayatangazwi.

Yaliyobaki nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa kila fundi wa gereji anayajua. Tairi pana lililosukumwa nje kwa spesa huchosha beringi na boljointi, hufanya usukani ufuate mifereji ya lami iliyochimbwa na malori, na hugusa madigadi unapokata kona kali. Likiongozana na springi za kunyanyua, uzito wa gari hupanda, na gari lililopanda hupinduka upesi zaidi dereva anapokwepa mbuzi kwa ghafla. Taa zake humulika usoni mwa anayekuja mbele. Boneti yake huficha kilicho karibu na kilicho kifupi, na katika vijiji vyetu kilicho karibu na kifupi ni mtoto.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nawaomba watazame kitabu cha safari cha gari la ofisi. Kipimo cha umbali kinaumwa ugonjwa ule ule wa kipima mwendo. Gari likisafiri kilomita 300, kitabu kitaandikiwa 280. Mhasibu anayegawa lita kwa kilomita ataona gari linalofuja mafuta na kumshuku dereva kuwa anayauza. Huduma iliyotakiwa kila kilomita 5,000 itafanyika baada ya 5,350. Hakuna aliyeghushi nyaraka, hakuna aliyeiba, lakini kila takwimu katika kitabu hicho si sahihi. Nimefundisha miaka mingi kuhusu namna taasisi zinavyojidanganya, na ni nadra kupata mfano ulio wazi kama huu: uongo unaoingia katika kumbukumbu za umma bila mtu hata mmoja kusema uongo.

Mwisho wa lami ya Kilwa Masoko ni gati. Hapo kila gari, la tairi dogo na la tairi kubwa, husimama. Anayetaka kwenda kuyaona magofu ya Songo Mnara hana budi kuingia chomboni, na chombo hakina habari na cheo chake. Nimevuka hapo na wanafunzi mara kadhaa, na kila mara nimejiuliza kwa nini lugha yetu imeliita gari na jahazi kwa neno moja, “chombo”, ilhali akili tunayoitumia katika la baharini tunaiacha ufukweni tunapopanda la nchi kavu.

Mwambie nahodha yeyote wa pwani hii kwamba umenunua tanga kubwa kuliko lile la awali, na unataka alitweke leo hii juu ya mashua ile ile. Hatakuuliza bei. Atakuuliza mlingoti una unene gani, foromali ina urefu gani, farumi utaongeza kiasi gani, na ukiongeza farumi, chombo kitabaki na nafasi gani ya mzigo na watu. Anajua kwamba tanga si kitu cha peke yake; ni upande mmoja wa mapatano kati ya upepo, mti, mkuku na maji. Ukibadili upande mmoja, umeyavunja mapatano yote, na pepo za kusi zitakuja kudai deni. Wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Gari nalo limeundwa. Mhandisi aliyechagua tairi la milimita 776 alichagua pamoja nalo uwiano wa gia, ukubwa wa sahani za breki, ugumu wa springi na hesabu ya kipima mwendo. Fundi wa barabarani anayebadili moja na kuziacha nne, kisha akapokea fedha na kusema “safari njema”, amefanya jambo ambalo nahodha asiyejua kusoma angelikataa.

Watatokea wa kuniambia kwamba nazungumza kwa raha ya mtu wa mjini, kwamba sijui barabara za Kusini. Nazijua. Najua kwamba kwa miaka mingi safari ya Lindi ilikuwa kwanza mto Rufiji na kivuko chake, kisha kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita zipatazo 60 ambazo masika yaliweza kulaza abiria njiani. Lakini tujiulize kwa uaminifu: ni nini kilichoifupisha safari hiyo? Si tairi. Mto ulivukwa na Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Matope ya Ndundu na Somanga yalishindwa na lami. Fedha ya umma, iliyotumika chini, mahali pa wote, ilimpitisha mwenye shangingi, mwenye basi, mwenye bajaji na mwenye baiskeli kwa siku moja.

Na pale kazi ya umma iliposhindwa, tairi halikumwokoa mtu. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua zake ziliikata barabara hii katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Magari ya kila aina yalisimama pande zote mbili za maji. Sentimita tatu zilikuwa wapi siku hiyo? Barabara inapokatika, kinachohitajika ni kalavati lenye ukubwa unaostahili mvua za zama hizi, tuta lililoinuliwa na mtaro uliozibuliwa kabla ya masika. Hivyo havifungwi kwenye gari.

Wengine watasema: gari ni langu, fedha ni yangu. Gari ni lako, ndugu yangu, lakini mita tatu za kusimamia si zako. Ni za muuza samaki wa Somanga aliyenyanyua sinia lake kwenye ukingo wa lami. Basi la abiria na lori vimewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na LATRA inafuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa satelaiti ambao haudanganywi na ukubwa wa tairi. Wewe unayelipita basi hilo kwa dharau, nani anafuatilia mwendo wako, ikiwa hata wewe mwenyewe huujui?

Wapo pia watakaonitajia nchi ambako matairi makubwa ni jambo la kawaida. Mfano mzuri ni Iceland, ambako magari huvalishwa matairi ya inchi 38 na zaidi ili yapite juu ya theluji na barafu. Nakubali mfano huo kwa mikono miwili, kwa sababu unanisaidia. Kule gari la namna hiyo hubadilishwa uwiano wa gia, huangaliwa breki, hurekebishwa kipima mwendo, kisha hupita ukaguzi maalumu kabla ya kuruhusiwa barabarani. Sikatai tairi kubwa, nakataa tairi kubwa lililo peke yake. Anayelihitaji kwa kazi ya kweli, awe mtu wa mbuga au mtafiti wa maporini, na alipie mabadiliko yote, si yale tu yanayoonekana kwa nje.

Kwa nini basi, ikiwa faida ni ndogo kiasi hiki, fasheni hii inapendwa? Jibu liko katika lugha yetu yenyewe. Mwenye cheo tunamwita “mkubwa”, na tumeanza kulichukulia neno hilo kwa tafsiri ya fundi cherehani: mkubwa ni yule aliyeongezwa kimo. Gari refu humtenga mtu na vumbi, humfanya awatazame wengine kutoka juu, na humfikishia shimo la barabara kama mtikisiko wa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Hapo ndipo hatari ya kisiasa ilipo. Barabara hukarabatiwa na watu wanaoiumwa mgongoni. Mkaguzi, mhandisi, mkurugenzi na mwakilishi wa wananchi wakiishaacha kuumwa, taarifa zitaendelea kuandikwa kwamba njia inapitika. Na kweli itakuwa inapitika, kwao.

Songo Mnara inatufundisha njia nyingine. Mji ule wa mawe ya matumbawe uliingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 maeneo yote mawili yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zinaporomoka na bahari inakula fukwe. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo. Hatari haikupunguzwa kwa kila mwenye nyumba kuinua kizingiti chake. Ilipunguzwa kwa watu kukaa, kupima, kuziimarisha kuta na kuuzuia mmomonyoko ufukweni kwa kazi inayowakinga wote: msikiti, kaburi, kasri na kibanda cha mvuvi. Hiyo ndiyo maana ya neno umma. Hatari inayowakabili wote huzuiwa mahali inapoingilia, si mlangoni kwa mmoja.

Nidai nini, basi? Nadai mambo yanayowezekana kesho asubuhi. Kila gari lina kibandiko, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachotaja kipimo cha tairi kilichokusudiwa. Na kila tairi limeandikwa kipimo chake ubavuni. Kulinganisha viwili hivyo ni kazi ya dakika moja, isiyohitaji mashine. Askari wa usalama barabarani wanaokagua magari na kubandika stika wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama wanaweza kuifanya. TEMESA, yenye jukumu la kutengeneza magari ya Serikali, ipewe waraka ulio wazi: hakuna gari la umma litakalofungwa tairi la kipimo tofauti bila kibali cha maandishi cha mhandisi, kinachoonyesha kwamba breki, gia na kipima mwendo vimeangaliwa. Na fungu lolote lililoombwa kwa ajili ya kunyanyua gari la ofisi liandikwe katika bajeti kwa jina lake halisi, mbele ya fungu la mitaro ya barabara katika wilaya ile ile, ili madiwani wayasome mafungu hayo mawili kwa sauti moja.

Nanyi wanafunzi wangu, msiningojee mimi wala waraka. Simu mliyo nayo mkononi inapokea ishara za satelaiti na inaweza kuwaonyesha mwendo halisi. Mkipanda gari lililonyanyuliwa, iwasheni, muisome pamoja na dereva, mkiwa abiria wenye adabu wasiopiga kelele. Mwambieni tofauti mliyoiona. Wengi wao hawajawahi kuambiwa, na dereva mwungwana akiujua ukweli hupunguza mguu.

Kisha mwambieni aliyemtuma. Yeye ndiye aliyechagua tairi, na yeye ndiye mwenye kauli juu ya barabara.